JASI YA ELWAK, NA SABABU YA SHAMBA LA MAGADI KUKATAA KUPONA

Mtu anayesafiri kwa lori kutoka Wajir kwenda Mandera hufika Elwak, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Somalia, ambao usingekuwapo kama si visima vyake. Jina lenyewe ni habari ya maji. "El" kwa Kisomali ni kisima, na Waq ni jina la kale la Mungu kwa Wasomali na kwa Waborana. Basi Elwak ni kisima cha Mungu. Wako pia watu wa mbali walijuao jina hilo bila kujua visima vyake. Tarehe 16 Desemba, 1940, askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, walipigana hapo na Waitalia wakawashinda, na kwa sababu hiyo mjini Accra kuna uwanja wa michezo uitwao El-Wak.

Lakini shauri letu mwezi huu si vita, ni jiwe. Katika nchi ya Elwak kuna jasi nyingi mno, na wataalamu wa miamba wameijua kwa miaka mingi. Jasi ni jiwe jeupe au la kijivu, laini hata ukilikwaruza kwa ukucha linakwaruzika. Hivyo ndivyo utakavyolitambua. Jiwe la chokaa halikwaruziki kwa ukucha, na ukilitonea siki au maji ya ndimu kali litatoa povu. Jasi haitoi povu. Tafadhali, msomaji, lishike neno hilo, maana wako wakulima waliotumia fedha nyingi kununua moja wakidhani wamenunua jingine.

Yawezekana mkulima wa Mwea, au wa Bura, au wa Nyandarua, atauliza: mimi na jiwe la Elwak tuna undugu gani? Undugu upo, tena ni wa mfukoni. Jiwe hili ndilo dawa ya shamba lililoingiwa na magadi, na ndilo pia sababu ya maji mengine kukataa sabuni na kuharisha ng'ombe. Na mtu akielewa jinsi jasi inavyoyeyuka katika kisima, ameelewa nusu ya mambo yanayotendeka katika udongo wake, katika chungu cha mkewe na katika gunia la mbolea.

Wanaotoka na wanaorudi

Chukua debe la maji safi ya mvua, lita 20, utie ndani yake donge la jasi. Baada ya siku kadhaa jiwe litakuwa limepungua kidogo, kisha halitapungua tena, hata ukiliacha mwaka mzima. Pima, nawe utaona ya kwamba kila lita ya maji imechukua gramu 2 na nusu hivi za jasi, yaani gramu 50 katika debe zima. Ongeza donge la pili, la tatu, la kumi: maji hayatachukua zaidi. Yameshiba.

Mtu angedhani ya kuwa kazi imekoma na kila kitu kimelala. Sivyo. Fikiri zizi la ngamia wakati wa alfajiri. Lango likifunguliwa, ngamia hutoka wengi, wala hakuna anayerudi, kwa kuwa nje hakuna ngamia wa kurudi. Kadiri walivyo wengi nje ndivyo wanavyoanza kurudi mmoja mmoja, huyu amekumbuka ndama wake, yule amekimbia jua. Itafika saa ambapo kila watano wanaotoka, watano wanarudi. Mtu aliyesimama mbali akihesabu ngamia walioko nje ataona hesabu haibadiliki, naye atasema, "Hakuna anayekwenda." Lakini langoni vumbi linatimka.

Ndivyo ilivyo jasi ndani ya maji. Chembe zinatoka jiweni, na chembe nyingine zinarudi kulishika jiwe tena, na wanaotoka wanapolingana na wanaorudi, wataalamu huiita hali hiyo msawazo. Nayo mabadiliko yenyewe ya kitu kuwa kitu kingine huyaita mmenyuko. Maneno hayo mawili yatatosha.

Sasa, kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni hili: Kazi hii itakwenda upesi namna gani? La pili: Itafika wapi mwisho wake? Swali la kwanza ni la kasi, na la pili ni la msawazo, na majibu yake hayafanani. Ponda lile donge la jasi liwe unga, nalo litayeyuka upesi sana kuliko donge zima. Sababu yake ni hesabu ya darasa la shule ya msingi. Jiwe la pande sita lenye sentimita 10 kila upande lina eneo la nje la sentimita za mraba 600. Likate liwe vijiwe vya sentimita moja, utapata vijiwe 1,000, na maeneo yao pamoja ni sentimita za mraba 6,000. Vikate tena viwe chembe za milimita moja, na eneo litakuwa 60,000, yaani mita za mraba 6, kama sakafu ya chumba kidogo cha kulala. Maji hulila jiwe kwa nje tu. Ukizidisha nje, umezidisha midomo.

Lakini ule unga nao utakoma penye gramu 2 na nusu kwa lita, palepale lilipokoma donge. Kusaga kumeongeza mwendo, hakukusogeza mwisho wa safari. Kadhalika kukoroga. Joto nalo huongeza mwendo wa mimenyuko karibu yote; wataalamu husema kwa kukisia kwamba joto likizidi kwa digrii 10, mingi huenda kasi mara mbili. Walakini kwa jasi, joto halisogezi mwisho ila kidogo sana. Sukari katika chai ya moto huyeyuka nyingi kuliko katika maji baridi. Jasi haina tabia hiyo.

Maji machungu

Maji ya mvua yakipita polepole katika mwamba wenye jasi, hupata muda wote yanaoutaka, basi hufika kisimani yameshiba au karibu ya kushiba. Maji kama hayo yana salfeti miligramu 1,400 hivi katika lita. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu aweza kuanza kuonja ladha ya salfeti kuanzia miligramu 250, na ya kwamba ikizidi 1,000 yaweza kumwendesha mtu tumbo, hasa mgeni asiyeyazoea. Ng'ombe nao huharisha, na wakiyanywa siku nyingi hunyong'onyea. Salfeti ikizidi mno huweza kuwaletea ugonjwa wa ubongo, wakawa kama vipofu na kuanguka.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawakuelezwa. Jasi ina kikomo chake, tumekwisha kukiona. Maji ya hori yakikaushwa na jua, jasi iliyozidi itatulia chini kama unga mweupe, na yale yaliyobaki juu hayatapita gramu zake mbili na nusu. Lakini chumvi nyingine za uchungu, zile za magnesiamu na za sodiamu, kikomo chake kiko mbali mno. Maji yanapopungua, hizo huzidi na kuzidi. Kwa hiyo hori la maji ya kisima lililokaa juani siku tatu si lile lile lililojazwa juzi. Limwage lote, lisuguliwe, lijazwe upya. Kuongeza maji mapya juu ya mabaki ya jana, kama ifanyikavyo mahali pengi, ni kuzihifadhi chumvi zile kwa makusudi.

Jikoni mambo ni mengine. Sabuni ikikutana na kalsiamu ya jasi hufanya utando wa kijivu badala ya povu, na kipande cha sabuni huisha kabla nguo hazijatakata. Maharagwe hayaivi, kwa maana kalsiamu hukaza maganda yake, na kuni huteketea bure. Kuchemsha maji peke yake hakusaidii kwa ugumu wa namna hii. Kuna ugumu mwingine, ule wa chokaa iliyoyeyushwa na hewa ya kaboni; huo ukichemshwa, hewa hutoroka na chokaa huganda ndani ya birika. Maji ya jasi hayana hewa ya kutoroka.

Lakini akina mama wa Kenya wanayo dawa yao tangu zamani, nayo ni magadi. Tia magadi kidogo katika maji ya jasi, na maji yatageuka meupe kama maziwa, kisha weupe utatulia chini. Weupe huo ni chokaa. Magadi yameinyang'anya jasi kalsiamu yake, na kwa kuwa chokaa haiyeyuki ila kidogo mno, kiasi cha miligramu 13 au 14 katika lita ya maji matupu, kalsiamu haiwezi kurudi. Acha maji yatulie usiku, chota ya juu, nayo yatapokea sabuni. Kwa maharagwe tia kidogo sana tu, kwa sababu magadi mengi huharibu vitamini B, na ladha pia.

Mfaransa mmoja na magadi ya Misri

Jambo hili la magadi na chokaa lina historia ambayo inafaa kusimuliwa, nayo ilitokea hapa hapa Afrika. Mwaka 1798 Napoleon alipokwenda kuiteka Misri alichukua pamoja naye watu wa elimu, na mmoja wao alikuwa Claude Louis Berthollet, mjuzi wa kemia. Berthollet alifika kwenye maziwa ya Natron, upande wa magharibi wa delta ya Nile, akakuta kingo zake zimejaa magadi meupe. Alistaajabu. Kwao Ufaransa alijua vizuri kwamba magadi yakikutana na chumvi ya kalsiamu hugeuka kuwa chokaa na chumvi ya kula. Hapa Misri aliona kinyume chake: mwamba wa chokaa na chumvi ya kula vimekaa pamoja, navyo vimezaa magadi.

Wengine wangesema nchi ya Misri ina miujiza. Berthollet alisema hapana. Mmenyuko huu waweza kwenda mbele na waweza kurudi nyuma, na kinachoamua ni wingi wa vitu vilivyopo. Penye chumvi nyingi kupita kiasi, na chokaa isiyokwisha, njia ya kurudi hufunguka. Baadaye, mwaka 1864, Wanorwe wawili waliokuwa mashemeji, Guldberg na Waage, waliiweka fikira hiyo katika hesabu. Na mwaka 1884 Henry Le Chatelier wa Ufaransa alitoa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huisoma: vitu vilivyo katika msawazo ukivisumbua upande mmoja, vitasogea kwenda upande wa kuipunguza taabu hiyo. Ukiondoa kitu kimoja, mmenyuko utafanya kazi ya kukirudisha. Ukirundika kitu kimoja, mmenyuko utafanya kazi ya kukimaliza. Inapendeza kujua kwamba Le Chatelier hakuwa mtu wa vitabu tu. Alishughulika sana na jasi, na chokaa, na saruji, vitu vya mafundi.

Udongo uliofungwa

Sasa twende shambani. Katika nchi kavu zinazomwagiliwa maji, udongo mwingine una sodiamu nyingi iliyoshikamana na chembe za ufinyanzi. Sehemu za Bura, katika Tana River, walikoanza kuishi wakulima wa skimu miaka ya 1980, zina udongo wa namna hiyo, hasa katika tabaka za chini, na pengine pengi katika nchi kavu utauona. Dalili zake ni hizi: maji husimama juu siku nyingi wala hayaingii; yakikauka, ardhi hufanya ganda gumu lenye nyufa; mbegu huota chini ya ganda zikashindwa kutoka; na mahali pengine huonekana madoa meusi yenye utelezi. Ukiukata kwa jembe wakati wa kiangazi utafikiri unakata tofali.

Udongo huo haukukosa rutuba, umekosa milango. Chembe za ufinyanzi ni kama sahani nyembamba sana. Zikishikwa na kalsiamu hukaa makundi makundi, na katikati ya makundi maji na hewa hupita. Zikishikwa na sodiamu huachana, kila moja peke yake, zikaelea na kuziba kila tundu.

Dawa ni kuiondoa sodiamu na kuweka kalsiamu mahali pake, na kalsiamu iliyo rahisi ni ya jasi. Jasi ikiyeyuka, chembe moja ya kalsiamu huingia na chembe mbili za sodiamu hutoka, nazo huwa chumvi iyeyukayo kwa urahisi katika maji. Ni biashara ya kubadilishana, kama soko la mpakani: mali huenda huku na huku. Na hapa ndipo wakulima wengi walipopoteza fedha zao. Biashara hii ina msawazo. Sodiamu iliyotoka ikiachwa palepale, ikarundikana katika maji ya udongo, itaanza kurudi kuishika chembe na kuifukuza kalsiamu. Mkulima atakuwa amenunua jasi, amelipa lori, amelipa vibarua, na baada ya msimu mmoja udongo ni ule ule. Atasema jasi ni uongo. Kumbe jasi imefanya kazi yake, ila mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo kwanza ni mtaro, jasi baadaye. Maji lazima yapite katika udongo na kutoka chini yake, yakiichukua sodiamu na kwenda nayo mbali. Hapo kanuni ya Le Chatelier inakuwa mtumishi wako: kila mara sodiamu inapoondolewa, mmenyuko husogea mbele kuitoa nyingine, mpaka iliyobaki haina madhara. Shamba lisilo na mtaro, au lililo bondeni ambako maji ya chini yako karibu, lisitiwe hata kilo moja ya jasi kabla ya kutengenezwa njia ya maji. Twajua neno hili ni chungu kwa mtu aliyekwisha kununua.

Kiasi gani? Maabara hupima sodiamu kwa kipimo chao, na kwa kila kipimo kimoja katika kila gramu 100 za udongo, ekari moja kwa kina cha futi moja huhitaji jasi safi tani 1 na nusu na kidogo. Mwenye vipimo vitatu vya kuondoa atahitaji karibu tani 4 na nusu. Na maji je? Ile hesabu yetu ya debe itatujibu. Kila mita moja ya ujazo wa maji huchukua kilo 2 na nusu. Basi tani 1 na nusu yataka mita 600 za ujazo, yaani maji ya kina cha sentimita 15 juu ya ekari nzima. Hiyo ni hesabu ya maji matupu. Katika udongo wa magadi jasi huyeyuka zaidi ya hapo, kwa kuwa ufinyanzi unaivuta kalsiamu na maji yanapata nafasi ya kubeba nyingine. Lakini yatahitajika maji ya kuiosha sodiamu pia. Mtu asiye na maji ya kutosha na afanye nusu ekari vizuri kuliko kunyunyiza ekari nne kama chumvi ya mchuzi.

Jasi inunuliwe iliyosagwa. Tumekwisha kuona faida yake. Madonge makubwa kama ngumi yatakuwa bado yanaonekana shambani baada ya misimu mingi. Lakini kusagwa laini kama unga wa ngano nako ni gharama isiyo na lazima, maana ni kasi tu unayoinunua, na unga huo hupeperushwa na upepo. Chenga kama za mchanga, zenye unga ndani yake, zinatosha.

Kuhusu chokaa neno ni fupi. Katika udongo wa magadi chokaa haifai, kwa kuwa tumeona jinsi inavyoyeyuka kidogo mno. Jasi huizidi zaidi ya mara 150. Bali katika nchi za mvua, kama sehemu za Uasin Gishu na Trans Nzoia ambako udongo umekuwa mchachu, chokaa ndiyo dawa. Huko asidi ya udongo inaila chokaa, na hewa ya kaboni inatoroka juu isirudi, basi mmenyuko unakwenda mbele mpaka asidi imepungua. Jasi haipunguzi uchachu huo. Jiwe moja kwa kila ugonjwa; na muuzaji anayesema kwamba lake linatibu yote mawili, mwache aende zake.

Mbolea inayoruka

Kwa kuwa tumeanza, tuseme na gunia la mbolea. Mbolea za naitrojeni zilizo nyingi huanzia katika amonia, na amonia hufanywa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni. Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha njia mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kilianza kazi huko Oppau mwaka 1913 chini ya Carl Bosch. Shida yao ilikuwa ile ile ya maswali yetu mawili. Wakitia moto mkali, mmenyuko ulikwenda kasi, lakini msawazo ulirudi nyuma na amonia ikawa kidogo. Wakipunguza moto, msawazo ulikuwa mzuri, ila kazi ilikuwa polepole kama kobe. Walichofanya ni kusuluhisha: joto la kadiri, digrii 400 hadi 500 hivi, mgandamizo mkubwa sana, na chuma kilichotayarishwa kwa namna ya pekee, ambacho huharakisha kazi bila kuusogeza msawazo. Tena amonia iliyofanyika waliiondoa kila mara, kama mkulima anavyoiondoa sodiamu kwa mtaro.

Amonia hiyo ikifika shambani mwako kwa njia ya yurea au mbolea ya salfeti ya amonia, bado inao mlango wa kutorokea. Katika udongo mchachu hukaa tulivu. Katika udongo wa magadi, au wenye chokaa nyingi, msawazo huelekea upande wa hewa, na naitrojeni uliyonunua hupanda juu. Jua kali huongeza mwendo wake. Ukinusa harufu kali kama ya zizi la mbuzi baada ya kutia mbolea, ujue ni fedha zako unazozinusa. Basi mbolea ifukiwe, sentimita tano au zaidi, au itiwe kabla tu ya maji kufunguliwa ili izame. Isiachwe juu ya ardhi tangu asubuhi hadi jioni.

Jasi ya fundi

Hatutakaa sana hapa. Jasi ikichomwa kwenye joto la digrii 120 mpaka 150 hutoa robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake, na kilo 100 hubaki kilo 84 hivi. Unga huo ukitiwa maji huganda tena kwa dakika chache ukawa jiwe, nao ndio plasta ya kuta na ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Jiwe la chokaa hutaka moto wa digrii 900 hivi, na tanuri lenye njia ya kupitisha hewa. Wachoma chokaa wa pwani wajua kwamba tanuri lililozibwa halitoi chokaa nzuri, kwa maana hewa ya kaboni isipotoka, mmenyuko husimama. Chokaa iliyochomwa huunguza macho na ngozi, watoto wasikaribie.

Tena mwenye kujenga nyumba au birika ajue ya kwamba katika kila kilo 100 za saruji hutiwa jasi kilo 3 mpaka 5. Bila jasi saruji ingeganda katika karai kabla fundi hajaimimina. Jasi huipunguza kasi hiyo, akapata saa moja au zaidi ya kufanya kazi. Lakini katika nchi ya joto kama Elwak saa hiyo hupungua, basi afadhali kuchanganya asubuhi na mapema, kokoto zikiwa bado baridi, na kulifunika zege kwa magunia yaliyolowa.

Jinsi ya kujipima mwenyewe

Kabla ya kutumia shilingi moja kununua jasi, fanya hivi. Tafuta chupa mbili za kioo zenye vifuniko. Tia katika kila moja vijiko vitano vya udongo wa shamba uliokauka na kupondwa, ujaze maji ya mvua mpaka karibu na mdomo. Katika moja tia kijiko kimoja cha jasi iliyosagwa. Funga, tikisa zote mbili sawasawa kwa dakika moja, kisha ziweke mahali pasiposumbuliwa hadi kesho.

Asubuhi zitazame. Kama chupa zote mbili maji yake yamekuwa maangavu, udongo wako hauna shida ya sodiamu, na shamba likikataa maji tafuta sababu nyingine, pengine ni kukanyagwa na trekta au kulimwa likiwa bado limelowa. Kama chupa yenye jasi ni angavu na ile nyingine bado ni kama chai ya maziwa, basi sodiamu imo, na jasi itaisaidia. Hapo chimba udongo mahali kumi tofauti ndani ya shamba, kwa kina cha futi moja, changanya pamoja, chukua nusu kilo katika mfuko safi wenye jina lako na namba ya shamba, umpelekee Bwana Shamba wa eneo lako, au maabara ya udongo ya KALRO iliyoko Kabete. Waombe wakupimie sodiamu na uchachu wa udongo, na uwaambie kama unao mtaro au huna.